Uchimura, pengo la 0.099 na ufito wa juu

Msomaji anauliza: "Nimeitazama upya fainali ya jumla ya jimnastiki ya wanaume, Olimpiki ya Rio 2016. Kohei Uchimura wa Japani alikuwa nyuma ya Oleg Verniaiev wa Ukraine kwa karibu pointi nzima, limebaki onyesho moja tu, kisha akashinda kwa pointi 0.099. Rafiki zangu wanadai waamuzi walimbeba kwa sababu ya jina lake. Na kama kweli alikuwa bora kiasi hicho, ilikuwaje Olimpiki ya Tokyo akashiriki kifaa kimoja tu, akaanguka, na fainali asiione?"

Jibu:

Hawakumbeba. Alama za siku ile zipo na zinahesabika, kwa hiyo jambo hili halihitaji kubishaniwa kwa hisia. Hata swali lako la pili, la Tokyo, linajibiwa na hesabu ileile. Uchimura alikuwa bingwa wa vifaa sita. Alipobaki na kimoja, kinga iliyomlinda kwa miaka minane ilikuwa imeondoka.

Katika fainali ya jumla mtu mmoja hufanya vifaa vyote sita kwa siku moja: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, fito sambamba na ufito wa juu. Alama zote zinajumlishwa. Hakuna kifaa kinachotupwa, wala hakuna nafasi ya kurudia. Hizi ndizo alama za wawili hao kwa mpangilio walioufuata Rio:

Sakafu: Uchimura 15.766, Verniaiev 15.033
Farasi wa vishikio: Uchimura 14.900, Verniaiev 15.533
Pete: Uchimura 14.733, Verniaiev 15.300
Meza ya kurukia: Uchimura 15.566, Verniaiev 15.500
Fito sambamba: Uchimura 15.600, Verniaiev 16.100
Ufito wa juu: Uchimura 15.800, Verniaiev 14.800
Jumla: Uchimura 92.365, Verniaiev 92.266

Kila mmoja alishinda vifaa vitatu. Baada ya vifaa vitano Verniaiev alikuwa na 77.466 na Uchimura 76.565, pengo la 0.901. Kwa anayetazama jedwali la matokeo pekee, mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini tazama kifaa kilichobaki. Ufito wa juu ndio uliompa Uchimura alama yake kubwa kuliko zote siku ile, na ndio uliompa Verniaiev alama yake ndogo kuliko zote. Uongozi unaoupata kwenye fito sambamba kabla ya kwenda kifaa unachokiweza kidogo, huku mpinzani akienda kifaa anachokiweza sana, ni uongozi wa kukopa. Makocha waliokuwa ukumbini walilijua hilo.

Sasa waamuzi. Alama ya onyesho ina sehemu mbili. Waamuzi wa ugumu wanahesabu vipengele: kipengele cha daraja A kina thamani ya 0.1, B 0.2, C 0.3, na kuendelea hivyo, pamoja na nyongeza kwa kutimiza makundi ya vipengele yanayotakiwa na kwa kuunganisha baadhi ya vipengele vigumu. Waamuzi wa utekelezaji wanaanza na 10 na kukata: 0.1 kwa kosa dogo, 0.3 kwa kosa la kati, 0.5 kwa kosa kubwa, 1.0 kwa kuanguka. Rio jopo la utekelezaji lilikuwa na waamuzi watano. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa, na tatu zilizobaki zinatafutiwa wastani. Ndiyo sababu unaona alama zikiishia na 33 au 66: ni theluthi za sehemu moja ya kumi ya pointi.

Mfumo huo ndio unaofanya iwe vigumu kumbeba mtu. Mwamuzi mmoja akiamua kumzidishia mchezaji 0.3, kuna uwezekano mkubwa alama yake ndiyo itakuwa ya juu kabisa, na itaondolewa. Akizidisha 0.1 kwa ujanja ili abaki katikati, athari yake kwenye alama ya mwisho ni 0.033. Ili kuhamisha pointi nzima kwenye onyesho moja ungehitaji jopo zima lipatane mbele ya ukumbi uliojaa, na waamuzi wa ugumu nao wakubali.

Halafu kuna kutua. Verniaiev ndiye aliyecheza mwisho. Uchimura alikuwa amemaliza kwa samasoti mbili za mwili ulionyooka zenye misokoto miwili, akatua na miguu ikaganda pale pale ilipogusa godoro. Verniaiev alihitaji 14.900 kuchukua dhahabu. Alipata 14.800. Alipotua hakutulia, mguu ulisogea. Hatua ndogo kabisa ya kutua inakatwa 0.1. Tuchukulie hiyo ndogo kabisa ndiyo aliyokatwa. Bila hatua hiyo, jumla yake ingekuwa 92.366 dhidi ya 92.365. Dhahabu ya Olimpiki ilikaa ndani ya urefu wa unyayo mmoja, na unyayo wenyewe kila mtu aliuona. Swali la kupendelewa liliulizwa mbele ya wanahabari usiku uleule, na aliyelikataa waziwazi ni Verniaiev mwenyewe, akiwa na fedha yake shingoni. Nadhani rafiki zako wangemsikiliza yeye kuliko mimi.

Kama jina lingekuwa linatoa alama, basi lilikuwa limelala siku nne kabla. Tarehe 6 Agosti, kwenye mchujo, Uchimura alianguka kutoka ufito huohuo wa juu. Alikatwa kama mtu mwingine yeyote, akakosa fainali ya kifaa hicho. Tarehe 8 alifanya vifaa vyote sita kwenye fainali ya timu, Japani ikatwaa dhahabu. Tarehe 10 akarudi tena kwa vifaa sita. Hayo ni maonyesho 18 ndani ya siku tano, kwa mtu wa miaka 27.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha ubingwa wake, na watu wengi hukipita bila kukiona. Uchimura alishiriki Olimpiki nne, akapata medali saba: dhahabu tatu na fedha nne. Kati ya dhahabu hizo, mbili ni za jumla, London 2012 na Rio 2016, na moja ya timu. Dhahabu ya kifaa kimoja hakuipata hata mara moja kwenye Olimpiki. Alichokipata ni fedha ya sakafu, London. Kwenye mashindano ya dunia alishinda sakafu mwaka 2011, fito sambamba 2013 na ufito wa juu 2015, lakini karibu kila mwaka, kwa kila kifaa ukikichukua peke yake, kulikuwa na mtu mwenye onyesho gumu kuliko lake. Hakukuwa na mtu mwenye sita kama zake.

Kati ya 2009 na 2015 alitwaa ubingwa wa jumla wa dunia mara sita mfululizo: London, Rotterdam, Tokyo, Antwerp, Nanning na Glasgow. Mwaka 2011 alimwacha mshindi wa pili, Philipp Boy wa Ujerumani, kwa pointi 3.101. Pengo hilo lina maana hii: Uchimura angeweza kuanguka mara tatu siku ile, akapoteza pointi tatu kamili, na bado akawa bingwa.

Pengo la namna hiyo halijengwi na kipengele kimoja cha ajabu. Linajengwa na kukatwa kidogo mahali ambapo wengine wanakatwa kila siku bila kujali. Chukua kusimama kwa mikono juu ya ufito au fito sambamba. Ukiishia ndani ya nyuzi 15 kutoka wima, hukatwi kitu. Ukipita hapo hadi nyuzi 30 ni 0.1. Hadi 45 ni 0.3. Ukipita 45, unakatwa 0.5 na kipengele chenyewe hakihesabiwi. Onyesho moja lina mara nyingi za kupita wima. Mchezaji anayechelewa nyuzi 20 kila mara anapoteza 0.1, tena 0.1, tena 0.1, na mtazamaji haoni kosa lolote. Kwenye pete, mshiko wa nguvu unatakiwa udumu sekunde mbili. Ukiuachia mapema unakatwa 0.3, na wachezaji wengi waliochoka huhesabu moja na nusu wakidhani ni mbili. Kwenye ufito, ukidaka baada ya kuachia huku viwiko vimekunjwa kwa sababu uko karibu mno na chuma, unakatwa. Vidole vya miguu vilivyolegea, magoti yaliyofunguka katikati ya msokoto, ni vivyo hivyo.

Jumlisha vitu hivyo kwa vifaa sita. Ukipoteza 0.4 tu pungufu ya mpinzani kwenye kila kimoja, umemwacha kwa 2.4 bila kuongeza hata kipengele kimoja kigumu. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya Uchimura. Alikuwa na ugumu wa kutosha, tena mkubwa, lakini alichowazidi nacho wengine ni usafi uleule kutoka sakafu hadi ufito. Msingi wake ni wa utotoni. Alizaliwa 1989 Kitakyushu, akakulia Isahaya, mkoa wa Nagasaki, ambako wazazi wake, wote wawili wanajimnastiki wa zamani, walikuwa na klabu. Alianza akiwa na miaka mitatu, na akiwa na miaka 15 akahamia Tokyo kufanya mazoezi na Naoya Tsukahara, mwanajimnastiki wa Olimpiki wa Japani.

Farasi wa vishikio anastahili maelezo yake, kwa sababu ndiye anayevunja mabingwa wa jumla kuliko kifaa kingine, na ndiye aliyemsumbua Uchimura kuliko vyote. Kifaa chenyewe ni mwili wa urefu wa sentimita 160 na upana wa 35, na vishikio viwili vya urefu wa sentimita 12 juu yake. Mchezaji anazungusha miguu iliyobanana kuzunguka mikono yake, duara moja kwa takriban sekunde moja. Nyonga zikiwa upande mmoja, mabega hulazimika kuegemea upande wa pili ili kusawazisha uzito. Mkono mmoja unaachia, mwingine unabeba mwili wote, kisha wanabadilishana. Mkono ukichelewa kidogo tu kushika, nyonga zinazama. Nyonga zikizama, mguu unagusa ngozi. Mguu ukigusa, kasi inakufa, na bila kasi hakuna duara linalofuata.

Vifaa vingine vina mahali pa kujirekebisha. Kwenye sakafu unafika kona, unavuta pumzi, unapanga mbio nyingine. Kwenye pete una mshiko. Kwenye ufito unaweza kuongeza mzungusho mmoja mtupu, ukakatwa lakini ukabaki juu. Kwenye farasi kosa la duara la tatu unalibeba hadi duara la nne, likakua, na kuanguka kunatokea kwenye duara la sita. Ukitazama marudio usitazame pale alipoanguka. Rudisha nyuma sekunde mbili au tatu, tazama nyonga zilianza kushuka wapi.

Beijing 2008, akiwa na miaka 19, Uchimura alianguka kutoka farasi mara mbili ndani ya fainali moja ya jumla. Makosa hayo mawili yalimtupa mkiani. Aliyaokoa kwa vifaa vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, akamaliza wa pili nyuma ya Yang Wei wa China. London 2012 kwenye mchujo alianguka kutoka farasi na kutoka ufito wa juu, akaingia fainali ya jumla akiwa wa tisa, kisha akaishinda kwa 92.690, zaidi ya pointi moja na nusu mbele ya Marcel Nguyen wa Ujerumani. Katikati ya siku hizo, kwenye fainali ya timu, alivurugika akishuka kutoka farasi, na waamuzi wa ugumu hawakuuhesabu mshuko huo. Japani ikatoka nje ya medali. Timu ikakata rufaa palepale, video ikaangaliwa, alama yake ikaongezwa 0.7, kutoka 13.466 hadi 14.166, na Japani ikapanda kutoka nafasi ya nne hadi fedha. Ukumbi ulizomea, maana Uingereza ilikuwa nyumbani na ikashushwa hadi shaba, lakini utaratibu ni huo: rufaa inaruhusiwa kwenye ugumu, yaani kama kipengele kimefanyika au hakikufanyika. Kwenye utekelezaji hakuna rufaa. Huwezi kuwaambia waamuzi kwamba nyonga zako zilikuwa juu kuliko walivyoziona.

Ukitaka ushahidi kwamba tatizo ni kifaa chenyewe, mtazame Daiki Hashimoto, mrithi wake. Alishinda jumla Tokyo akiwa na miaka 19, akawa bingwa wa jumla wa dunia 2022 na 2023, akafika Paris 2024 akitazamiwa na wengi, akaanguka kutoka farasi, akamaliza wa sita.

Sasa tufike Tokyo. Baada ya Rio mwili ulianza kudai. Kwenye mashindano ya dunia ya Montreal, mwaka 2017, Uchimura aliumia kifundo cha mguu akitua kutoka meza ya kurukia kwenye mchujo, na mfululizo wake wa ushindi 40 wa jumla, wa nchini kwao na wa kimataifa, ukakatikia hapo. Baadaye mabega yakachakaa. Mwaka 2018, Doha, bado alipata fedha ya ufito wa juu nyuma ya Epke Zonderland wa Uholanzi. Mwaka 2019 hakuingia kwenye timu ya taifa. Mwaka 2020 akaamua: ufito wa juu, basi.

Kwa nini ufito, na si kingine? Tazama kila kifaa kinauliza nini kwa mwili. Sakafu na meza zinauliza vifundo na magoti. Kwenye meza unakimbia hadi mita 25, unaruka, unatua kutoka juu, na mazoezini unarudia hivyo siku baada ya siku. Farasi na fito sambamba vinaulizia viganja na mabega yanayobeba mwili kutoka chini. Pete ndizo katili kuliko zote kwa bega, kwa sababu zinaning'inia huru: bega linapaswa kuzituliza na kubeba mwili kwa wakati mmoja, mikono ikiwa imepanuliwa. Ufito nao una mzigo, tena mkubwa. Mwili unapopita chini kabisa kwenye mzungusho mrefu, mikono inavutwa kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili. Lakini hapo bega linavutwa, halisukumwi, na kutua ni kumoja tu mwishoni, kwenye magodoro. Kwa mtu mwenye mabega yenye maumivu na vifundo vilivyowahi kuumia, ufito ndio kifaa anachoweza kukifanyia mazoezi kwa wingi unaotosha kushindania medali. Tena ndicho alichokuwa bingwa wa dunia.

Kanuni nazo ziliufungua mlango. Rio kila timu ilikuwa na watu watano. Tokyo ilikuwa na wanne, lakini nchi iliweza kupata hadi nafasi mbili za ziada kwa wachezaji binafsi ambao alama zao hazihesabiwi kwenye timu. Timu ya wanne inahitaji watu wa vifaa sita. Mtaalamu wa kifaa kimoja aliingia kwa mlango wa nafasi hizo za binafsi, na Uchimura aliipata mojawapo kwa shida kubwa, kwenye mashindano ya mchujo ya nchini kwao.

Onyesho aliloliandaa halikuwa la mzee anayeaga. Lilikuwa na Bretschneider, jina la Mjerumani Andreas Bretschneider: unaachia ufito, unapiga samasoti mbili za kurudi nyuma juu yake huku ukijisokota mara mbili, kisha unaudaka tena. Daraja H, 0.8. Ili uelewe ukubwa wake, shuka ngazi moja moja. Kovacs ni samasoti hizohizo mbili bila msokoto, 0.4. Kolman ni Kovacs yenye msokoto mmoja, 0.6. Cassina ni hiyo ya msokoto mmoja lakini mwili umenyooka, 0.7. Uchimura aliviweka Bretschneider, Cassina na Kolman kwenye onyesho moja. Ugumu wa kudaka hautokani na kuona ufito, maana kwa sehemu kubwa ya msokoto huuoni. Unatokana na wakati wa kuachia. Ukiachia mapema unaruka mbali na ufito, mikono inakosa. Ukichelewa unaruka juu yake, unashuka karibu mno, unadaka kwa viwiko au unajigonga.

Tarehe 24 Julai 2021, kwenye mchujo, alivipita vyote vitatu. Akaanguka baadaye, kwenye kipengele cha kugeuka akiwa juu ya ufito, ambacho thamani yake haifikii hivyo vya kuachia. Watu walishangaa. Wanaofundisha ufito hawakushangaa sana, ingawa iliwauma kama ilivyotuuma wengi. Kugeuka kunategemea kufika karibu na wima kwa wakati sahihi, uzito ukiwa juu ya mkono mmoja. Ukifika nyuzi chache pungufu, uzito unaanguka upande usiotakiwa, na mkono wa pili unatafuta ufito mahali usipokuwepo. Vipengele vya kuachia vinapata mazoezi na umakini wote kwa sababu vinatisha. Vya kugeuka mwili unavifanya kwa mazoea, na mazoea yanavurugika kirahisi baada ya mikono kuwa imeshadaka mara tatu.

Alama ilikuwa 13.866. Fainali inachukua wanane, na si zaidi ya wawili kwa nchi moja. Kwa mtaalamu, habari iliishia hapo.

Weka Beijing na Tokyo pamoja. Beijing alianguka mara mbili akapata fedha. Tokyo alianguka mara moja akatoka. Pointi 1.0 ya kuanguka ni takriban asilimia 1 ya jumla ya 92. Kwenye kifaa kimoja chenye alama za 14 hadi 15, pointi hiyohiyo ni karibu asilimia 7, na wapinzani hapo wametenganishwa na sehemu za kumi. Mchezaji wa jumla anayeanguka kwenye kifaa cha pili ana vinne vya kujikomboa. Mtaalamu hana kesho wala kifaa kinachofuata. Kwa mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa kwamba siku mbaya kwenye kifaa kimoja haikuweza kumwangusha, huo ulikuwa mchezo mwingine kabisa, na alikuja kuucheza akiwa na miaka 32.

Kuna watakaosema afadhali mtoto achague kifaa kimoja mapema, kwa sababu kuna dhahabu za namna hiyo: Liu Yang alishinda pete Tokyo na Paris, Zou Jingyuan fito sambamba Olimpiki hizohizo mbili. Ni kweli, lakini hata Max Whitlock, ambaye wengi wanamkumbuka kwa farasi wa vishikio tu, alipata shaba ya jumla Rio ile ile. Carlos Yulo wa Ufilipino, aliyeshinda sakafu na meza Paris, alishiriki pia fainali ya jumla huko huko. Naona ni kosa kumfungia kijana wa miaka 12 au 13 kwenye kifaa kimoja. Mifupa ya vifundo vya mikono yake bado inakua, na kurudia mzigo wa aina moja kila siku ndiko kunakoumiza sehemu za ukuaji karibu na kiungo. Vifaa sita vinagawa mzigo. Kuchagua kuje baadaye, mwili ukiwa umekomaa na matokeo yakionyesha wazi kinachombeba.

Uchimura hakuishia kwenye godoro la Tokyo. Oktoba 2021 mashindano ya dunia yalifanyika Kitakyushu, mji aliozaliwa. Alifika fainali ya ufito wa juu, akamaliza wa sita, na mshuko wake wa mwisho katika mashindano ya dunia aliutua bila kusogea. Januari 2022 akatangaza kustaafu.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua mtaendelea kubishana. Msilinganishe 92.365 yake na jumla za leo. Hashimoto alishinda Tokyo kwa 88.465 na Shinnosuke Oka alishinda Paris kwa 86.832, na hiyo haina maana kwamba wao ni dhaifu: kuanzia 2017 kanuni za kuhesabu ugumu zilibadilishwa na jumla zikashuka, na tangu 2025 vipengele vinavyohesabiwa kwenye onyesho vimepunguzwa kutoka kumi hadi vinane, kwa hiyo zitazidi kushuka. Linganisheni pengo kati ya wa kwanza na wa pili ndani ya fainali moja, maana wote wawili walihukumiwa kwa kanuni zilezile siku ileile. Paris lilikuwa 0.233. Tokyo 0.400. Rio 0.099, dogo kabisa kati ya ushindi wake wote mkubwa wa jumla. Na ile 3.101 ya mwaka 2011, hakuna fainali ya jumla ya wanaume ya dunia wala ya Olimpiki iliyoifikia tangu hapo.